Mkono Uliofundishwa: Utangulizi

Mkaguzi mzoefu haanzii ofisini. Akishavaa koti jeupe, kofia ya nywele na gambuti, akishapita kwenye beseni la klorini mlangoni, husimama kando ya meza ya minofu akatazama. Visu vinakwenda, ngozi zinachunwa, barafu inachotwa kwa koleo. Baada ya muda humsogelea mfanyakazi mmoja, pengine yule dada wa meza ya tatu aliyenawa mikono upesi kuliko wenzake, akamwuliza jina lake na ameanza kazi hiyo lini. Humwuliza na swali jingine dogo: mnofu ukianguka sakafuni, unaufanyaje? Majibu yote huyaandika. Mchana, ofisini, mafaili yakiwa yamepangwa mezani na chai imeshamiminwa, hufungua daftari lake na kusema: naomba kumbukumbu za mafunzo za huyu dada.

Dakika chache zinazofuata hupima kiwanda kizima. Faili likiwa na jina lake, tarehe, alichofundishwa, aliyemfundisha na namna ilivyothibitika kwamba ameelewa, na hayo yakalingana na jibu alilotoa asubuhi, ukaguzi husonga mbele. Jina lisipokuwemo, au likiwemo huku jibu la asubuhi likienda njia nyingine, mkaguzi ataanza kujiuliza kuhusu meza ya pili, ya nne, na zamu ya usiku ambayo hakuiona.

Taaluma ninayokukaribisha inaishi katika safari hiyo fupi, kutoka mezani hadi kabatini na kurudi mezani. Wengi wanaoingia humu hawakuomba kuingia. Mwingine alisomea sayansi ya chakula akitarajia maabara, akakabidhiwa faili. Mwingine ni msimamizi wa zamu aliyeambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu kuna ukaguzi. Nimewaandikia ninyi hasa, kwa sababu nimesikia mara nyingi kazi hii ikiitwa kazi ya karani, na mimi naamini kwamba cheti chote cha usalama wa chakula husimama au huanguka hapo.

Ili kuona kwa nini jina la mtu mmoja lina uzito huo, turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Pillsbury ya Marekani ilishirikiana na NASA na maabara ya jeshi la Marekani ya Natick kutengeneza chakula cha wanaanga. Chakula kikimdhuru mtu angani, hakuna zahanati ya kumkimbizia. Desturi ya wakati ule ilikuwa kupima bidhaa iliyokwisha kutengenezwa. Wataalamu wale wakaona kwamba ili wawe na uhakika wa kutosha wangelazimika kupima, yaani kuharibu, sehemu kubwa ya kila fungu, na chakula cha kupeleka angani kingebaki kidogo mno. Wakaamua kuitazama njia nzima ya utengenezaji, watafute mahali hatari inapoweza kuingia, na waidhibiti hapo hapo. Mfumo huo ndio tunaouita HACCP. Tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa na FAO na WHO mwaka 1963, ilipitisha mwongozo wake mwaka 1993, na leo karibu kila cheti cha usalama wa chakula kinasimama juu yake.

Vitabu vingi husimulia habari hiyo na kuishia kwenye mantiki yake ya kihandisi. Ndani yake kuna jambo lingine. Siku tulipoacha kuiamini bidhaa iliyopimwa mwishoni tukaanza kuuamini utaratibu, tulianza pia kumwamini mtu anayeutekeleza. Kipimajoto hakijichomeki chenyewe kwenye mnofu. Kuna mkono unaokichomeka, jicho linalosoma namba, na kichwa kinachojua kwamba namba hiyo ikizidi kiwango fungu hilo linawekwa kando hata kama lori limeshawasha injini. Utaratibu ukiwa umeandikwa vizuri na mkono haujafundishwa, hakuna udhibiti wowote. Mnunuzi aliye mbali hawezi kuuona mkono ule, kwa hiyo anaomba ushahidi wake.

Sisi wa maziwa makuu tulijifunza hilo kwa gharama kubwa. Sangara, ambaye Kisumu huitwa mbuta, aliingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1990 viwanda vya minofu vya Mwanza, Kisumu, Jinja na Entebbe vilikuwa vikipeleka shehena Ulaya kwa ndege na kwa meli. Kisha makatazo yakaja kwa kufuatana. Mwaka 1997 Hispania na Italia zilizuia samaki wa ziwa hili kwa sababu ya salmonela. Mapema mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 likafuata katazo jingine kutokana na wavuvi waliotumia sumu. Hilo la mwisho liliondolewa kwa nchi moja baada ya nyingine, na Kenya ndiyo iliyosubiri muda mrefu zaidi. Mialo ilinyamaza, viwanda vikapunguza zamu, wanawake waliokuwa wakikata minofu wakarudi nyumbani.

Ukisoma habari za miaka ile utaona mjadala mkubwa kuhusu maabara, sheria na mamlaka zenye dhamana. Yote hayo yalihitajika. Kuhusu katazo la kipindupindu, FAO na WHO zenyewe zilieleza kwamba kuzuia chakula si njia sahihi ya kukabiliana na ugonjwa huo. Hata hivyo kuna swali lililokuwa chini ya maswali yote, nalo viwanda vingi havikuwa tayari kulijibu: mnawezaje kutuonyesha kwamba watu wenu wanajua wanachofanya? Walikuwepo wakataji hodari mno ziwani. Uhodari wao haukuwa umeandikwa popote.

Tuje kwenye masharti yenyewe. Hapa sitakaa sana, maana sura ya tatu inayachambua moja baada ya jingine. Sheria ya Ulaya namba 852 ya mwaka 2004 inamtaka mwenye biashara ya chakula ahakikishe wanaoshika chakula wanasimamiwa, na wanaelekezwa au kufundishwa usafi wa chakula kwa kadiri ya kazi zao. Hayo maneno ya mwisho uyashike: mfagiaji wa chumba cha vifungashio na mpimaji wa joto hawahitaji somo lilelile. Kiwango cha ISO 22000, kilichotolewa mwaka 2005 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2018, kinadai zaidi. Kinataka taasisi iamue ni umahiri gani unaohitajika, ichukue hatua za kuupata, ipime kama hatua hizo zimefaa, kisha itunze maandishi kuwa ushahidi wa umahiri. Kiwango cha BRCGS, kinachopendwa na maduka makubwa ya Uingereza, kinataja hata vitu vinavyotakiwa kuonekana kwenye karatasi: jina la aliyefundishwa na uthibitisho kwamba alihudhuria, tarehe na muda wa mafunzo, jina la somo au yaliyomo, aliyetoa mafunzo, na kwa mafunzo ya ndani, maelekezo au waraka uliotumika kufundishia. Marekani, kanuni za mazao ya shambani chini ya sheria ya usalama wa chakula ya mwaka 2011 zinataka tarehe, mada, na waliofundishwa.

Orodha hizo ni fupi. Mwanafunzi mpya hushangaa jambo jepesi kiasi hicho linaposababisha hoja nyingi za ukaguzi. Ugumu unaanzia kwenye neno moja la ISO ambalo wengi hulisoma haraka: umahiri. Orodha ya mahudhurio inaonyesha kwamba mtu alikuwa chumbani. Kuonyesha kwamba anaweza kazi ni jambo lingine, na huhitaji ushahidi wa namna nyingine.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko tunavyojua. Neno letu kumbukumbu linabeba mambo mawili: kilichobaki akilini mwa mtu na kilichobaki kwenye karatasi. Mwenzetu anayeandika kwa lugha yenye maneno mawili tofauti anaweza kujaza faili na kusahau kichwa. Sisi neno lenyewe linatukatalia. Kumbukumbu ya mafunzo iliyoko kabatini na isiyokuwemo kwa mfanyakazi ni nusu ya neno, na iliyomo kwa mfanyakazi lakini haiko kabatini ni nusu nyingine. Kazi ya taaluma hii ni kuziweka nusu hizo pamoja na kuzizuia zisiachane.

Wazee wetu wa ufundi walilifahamu hili bila karatasi. Fundi cherehani hampi mwanagenzi wake fomu ya kutia saini kwamba ameelezwa namna ya kutia kola. Humpa kitambaa cha bei nafuu, akamwangalia. Kola ikikaa vibaya anaifumua, mwanagenzi anaanza upya, na siku fundi atakapompa nguo ya mteja, mtaa mzima unajua kijana ameiva. Ushahidi ulikuwa kazi yenyewe na shahidi alikuwa fundi. Kiwanda chenye watu mia tatu na zamu mbili hakiwezi kutegemea mtaa kukumbuka, kwa hiyo lazima kiandike. Lakini kile kinachostahili kuandikwa ni kilekile alichokuwa akikiangalia fundi.

Mmarekani Donald Kirkpatrick aliandika mwaka 1959 kuhusu ngazi nne za kupima mafunzo: watu waliyapokeaje, walijifunza nini, wanatenda nini wakirudi kazini, na hatimaye kumetokea mabadiliko gani. Mafaili mengi niliyoyafungua yanaishia chini hata ya ngazi ya kwanza. Machache yana mtihani wa maswali kumi. Ngazi ya tatu, ile ya kutenda, ndiyo inayomhusu mlaji, na ndiyo adimu. Haihitaji fedha nyingi. Chukua kazi ya kuchambua karanga kwa ajili ya siagi, ambako jicho la mchambuaji ni kinga kubwa dhidi ya punje zenye ukungu unaozalisha sumukuvu. Mkufunzi anahesabu punje mbovu ishirini, anazichanganya kwenye sinia la karanga nzuri, anampa mchambuaji muda uleule anaopewa kazini, kisha anahesabu amezitoa ngapi. Anaandika: 18 kati ya 20, tarehe fulani, mwanga wa dirishani, saini ya mpimaji. Mstari huo mmoja una thamani kuliko kurasa kumi za mahudhurio. Tena unamheshimu mchambuaji, kwa sababu unasema kitu cha kweli kuhusu uwezo wake.

Sasa nifike penye jambo linalonikaa moyoni kuliko yote, na ambalo vitabu vya kigeni huligusa kwa sentensi moja: lugha.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kiwanda kimoja cha samaki kandokando ya ziwa, nikisoma mafaili yao ya mafunzo. Yalikuwa nadhifu. Kulikuwa na somo la kupima na kutunza joto la minofu, picha za mwangaza thelathini na mbili, saini za waliohudhuria. Nilimtafuta mmoja wao, mama aliyekuwa amefanya kazi pale kwa muda mrefu kuliko wote wa zamu yake, nikamwuliza kuhusu somo lile. Akaniambia, "Walitufundisha, mwanangu, lakini kwa Kiingereza. Mimi niliangalia picha." Kisha, bila kuulizwa, akanionyesha anavyojua mnofu umeanza kupata joto: aliugusa kwa nyuma ya mkono, juu kidogo ya glavu, na akaniambia unapaswa kuwa baridi kama barafu inayotoka maji. Kanuni za Ulaya husema jambo hilohilo. Zinataka samaki mbichi atunzwe katika joto linalokaribia la barafu inayoyeyuka.

Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Karatasi ilisema amefundishwa kitu ambacho hakukisikia. Alijua kitu ambacho karatasi haikukisema. Kipimajoto, ambacho kingeunganisha mkono wake na kanuni, kilikuwa mfukoni mwa msimamizi. Hakuna aliyedanganya, na bado kumbukumbu nzima ilikuwa si ya kweli.

Kiwango cha BRCGS kinataka mafunzo yatolewe kwa lugha inayofaa kwa wanaofundishwa. Nashauri kila fomu ya mafunzo iwe na mstari wa lugha iliyotumika, na uwe wa lazima kama mstari wa tarehe. Ukifundisha kwa Kiswahili, andika. Ukifundisha kwa Kiswahili na Kisukuma, au Kiswahili na Kijaluo kwa maelezo ya mdomo, andika na jina la aliyefasiri. Mfanyakazi asiyejua kusoma apimwe kwa kuonyesha na kueleza, na mpimaji aandike alichokiona. Dole gumba kwenye karatasi ambayo mwenye dole hakusomewa halithibitishi chochote, na kwa maoni yangu ni dharau kwake.

Hata msamiati wenyewe bado tunaujenga. Neno hatari tunalitumia kwa kipande cha chuma kilichomo kwenye unga na pia kwa uwezekano wa mtu kukila kipande hicho, ilhali katika fani hii hayo ni mawili. Baadhi yetu tumeanza kutumia kihatarishi kwa kile cha kwanza, na hatari tukaiacha kwa uwezekano. Kuanzia hapa kitabu hiki kinafuata mgawanyo huo. Ukikutana na mwalimu anayeyagawanya vingine, msikilize, ila uandike kwenye somo lako umechagua lipi.

Baada ya lugha, vibarua. Msimu wa samaki ukipamba moto, kiwanda huchukua watu getini alfajiri. Wengine watafanya siku tatu, wengine mwezi, wengine watarudi mwakani kwa jina lilelile au kwa jina la kitambulisho kingine. Masharti hayawasamehe: BRCGS inataja wazi kwamba wafanyakazi wa muda na wa mawakala wafundishwe kabla hawajaanza kazi na wasimamiwe wakati wote wa kazi. Lakini faili limejengwa kwa ajili ya mtu wa kudumu, mwenye namba na mkataba. Kibarua huingia kwa orodha ya malipo, na orodha ya malipo haijui alifundishwa nini. Linganisha siku moja tu majina kwenye karatasi ya posho na majina kwenye karatasi ya mafunzo ya siku ileile. Nimewapa wanafunzi wangu zoezi hilo kwa miaka, na hakuna linalowafungua macho haraka kuliko hilo.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Mara nyingi ukiomba kumbukumbu za mafunzo unaletewa vyeti vya afya. Ni vitu viwili. Cheti cha upimaji wa afya kinasema jambo kuhusu mwili wa mtu siku alipopimwa. Hakisemi kama anajua kwamba akiharisha leo asubuhi anapaswa kumwambia msimamizi kabla hajagusa chakula, wala hakisemi kama kiwandani kwake kusema hivyo kunamkatia posho. Kimoja kinatoka kliniki, kingine hutengenezwa na kiwanda chenyewe, na visikae kwenye jalada moja.

Kwa msomaji ambaye bado anasema haya ni makaratasi tu, nimpeleke Wales ya Kusini, mwaka 2005. Mlipuko wa bakteria wa E. coli O157 uliwapata watu 157, wengi wao watoto wa shule, na mtoto mmoja wa miaka mitano alifariki. Chanzo kilikuwa nyama iliyopikwa ambayo mchinjaji mmoja alizipelekea shule. Katika eneo lake la kazi mashine moja ya kufungasha kwa kuondoa hewa ilikuwa ikitumika kwa nyama mbichi na kwa nyama iliyopikwa. Profesa Hugh Pennington aliongoza uchunguzi wa umma, na ripoti yake ilitoka mwaka 2009. Biashara ile ilikuwa imekaguliwa mara kadhaa, na ilikuwa na mpango wa HACCP kwenye karatasi. Miongoni mwa mapendekezo ya Pennington kuna moja ambalo ningependa libandikwe ukutani kwa kila mkaguzi: kuzungumza na wafanyakazi kuwe sehemu ya kawaida ya kila ukaguzi wa usafi wa chakula. Mkaguzi wetu wa asubuhi, yule aliyemwuliza dada wa meza ya tatu, anafanya hivyo hasa.

Sasa, kumbukumbu nzuri ikoje? Sura za kati zitaijenga hatua kwa hatua, ila nikupe picha yake. Ukutani kwa msimamizi kuna jedwali: majina upande mmoja, kazi upande wa juu, na kila kisanduku kinasema kama mtu huyo hajafundishwa, yuko chini ya uangalizi, anaweza peke yake, au anaweza kufundisha wengine. Msimamizi akipungukiwa na mpimaji wa joto saa nane usiku, hutazama hapo na kujua nani asimame na nani asisimame. Nyuma ya kila kisanduku kuna karatasi kabatini. Karatasi hiyo inataja toleo la maelekezo yaliyotumika, maana maelekezo yakibadilika mwezi Machi, mtu aliyefundishwa Januari hajafundishwa maelekezo hayo. Inamtaja mkufunzi, na faili la mkufunzi nalo linaonyesha alipata wapi ujuzi huo. Waliofundishwa wakashindwa nao wamo, pamoja na tarehe waliyorudia. Faili ambalo ndani yake hakuna aliyewahi kushindwa hunitia shaka kila nikiliona.

Muda wa kutunza huamuliwa na viwanda vingi kwa kunakili kutoka kwa jirani. Anza na chakula chenyewe. Mnofu uliogandishwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri unaweza kukaa ghalani na dukani kwa zaidi ya mwaka. Mlaji akilalamika mwishoni mwa muda huo, utahitaji kujua nani alikuwa mezani siku ile na alijua nini. Kumbukumbu iishi kuliko samaki. Wateja na sheria za nchi wanaweza kudai zaidi ya hapo; kanuni za vyakula za Marekani, kwa mfano, kwa kawaida zinataka miaka miwili.

Lazima nizungumzie pia usiku wa kuamkia ukaguzi, kwa kuwa wewe unayeanza utaukuta. Utaambiwa ujaze nafasi zilizo wazi. Kalamu moja, mwandiko mmoja, tarehe za miezi sita. Usikubali. Nafasi iliyo wazi, yenye maelezo yaliyoandikwa leo kwamba mafunzo hayakufanyika kwa sababu fulani na yatafanyika tarehe fulani, ni kumbukumbu ya kweli. Mkaguzi ataandika hoja, mtarekebisha, maisha yataendelea. Tarehe ya kughushi ikigundulika huchafua kila ukurasa wa kabati, hata kurasa za kweli, na humweka hatarini yule ambaye jina lake limetumika: siku chakula kikidhuru mtu, karatasi itasema alijua.

Jambo hilo ndilo linaloniongoza kwenye maswali ambayo bado yako wazi, na ambayo natamani uyafikishe mbali kuliko mimi nilivyoweza. Kumbukumbu ni ya nani? Leo ni ya kiwanda. Mkataji aliyefundishwa Mwanza kwa miaka sita akihamia kiwanda cha jirani huanza kama mtu asiyejua kitu, kwa sababu ushahidi wa ujuzi wake umebaki kwenye kabati ambalo haruhusiwi kulifungua. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, na Tanzania tangu mwaka 2022. Taarifa kwamba mtu fulani alishindwa mtihani mara mbili ni taarifa yake binafsi. Ni mara chache nimeona kiwanda kinachomwonyesha mfanyakazi faili lake mwenyewe. Mimi nadhani kibarua angepaswa kutoka na nakala, kadi ndogo inayotambulika kutoka geti hadi geti, lakini sijaona bado njia ya kuilinda isiuzwe sokoni kama vyeti vingine.

Swali jingine ni gumu zaidi. Tafiti za usafi wa chakula zimeonyesha mara nyingi kwamba mtu anaweza kujua na asitende. Anajua kunawa, lakini bomba liko mbali na msimamizi anahesabu kilo. Codex ilipofanya marekebisho mwaka 2020 iliingiza utamaduni wa usalama wa chakula katika kanuni zake za jumla, na Umoja wa Ulaya ukafuata katika sheria yake mwaka 2021. Hilo linatudai tuandike kitu kipya: pamoja na alichofundishwa mtu, kama mazingira ya kazi yanamruhusu kukitenda. Bado hatuna fomu yake. Sura ya mwisho ya kitabu hiki inajaribu moja, na naomba uisome kwa kalamu mkononi.

Sura ya kwanza inaanza getini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa mtu aliyepewa gambuti zisizomtosha na kuambiwa amfuate mwenzake. Anavuka beseni la klorini kwa mara ya kwanza, na jina lake bado halijaandikwa popote.